Wakuu, ngazi yangu inaenda kasi kuliko mwanga. Nimekosea wapi?

#1 KijanaPCM
Habari za jioni wakuu. Niko likizo, kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia, hisabati). Tumepewa maswali 40 ya hisabati tukafanyie nyumbani. Nimefika la 17 nimekwama.

Swali lenyewe nimelitafsiri: Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta. Mguu wake unavutwa kutoka ukutani kwa kasi isiyobadilika ya mita 1 kwa sekunde. (a) Kichwa cha ngazi kinashuka kwa kasi gani mguu ukiwa mita 3 kutoka ukutani? (b) Kinashuka kwa kasi gani wakati kinagusa sakafu?

(a) nimepata. (b) jibu linatoka infiniti. Nimerudia mara nne. Msinipe jibu tupu, nataka nielewe.

#2 Mzee wa Kijiweni
Ngoja waje wenye PCM zao. Mimi nilikuwa HGL (historia, jiografia, lugha), ngazi naijua ya kupandia darini tu. Nimekaa pale.

#3 Sista Logi
Dogo karibu. Utaratibu wa humu: weka kazi yako hatua kwa hatua, tukuonyeshe ulipoteleza. Ukileta swali tupu utajibiwa na Mzee wa Kijiweni.

#4 KijanaPCM
Sawa dada, hii hapa.

x ni umbali wa mguu kutoka ukutani, y ni kimo cha kichwa. Kwa Pythagoras, x² + y² = 25.
Nikadifarenshieti kwa muda: 2x(dx/dt) + 2y(dy/dt) = 0.
Hapo dx/dt ni kasi ya mguu, dy/dt ni kasi ya kichwa. Kwa hiyo dy/dt = −(x/y)(dx/dt), na dx/dt = 1.

(a) x = 3, y = 4, dy/dt = −3/4. Kichwa kinashuka kwa 0.75 m/s.

(b) x = 5, y = 0. Inakuwa −5/0. Kikokotoo kimeandika kosa. Nikasema ngoja nisogee taratibu:
x = 4.8, kasi 3.4 m/s
x = 4.9, kasi 4.9
x = 4.99, kasi 15.8
x = 4.999, kasi 50
x = 4.9999, kasi 158
Hapo nikafunga daftari. Nikiendelea itapita sauti, itapita ndege, itapita mwanga. Ngazi ya kupakia rangi!

#5 Kichwa Ngumu
Kosa lako liko wazi kijana. Umegawanya kwa y wakati y ni sifuri. Hairuhusiwi tangu darasa la sita. Rudi mstari wa juu yake kabla hujagawanya, weka namba zako pale, utaona jibu linatoka safi.

#6 Sista Logi
Kichwa Ngumu, hebu weka wewe. x = 5, dx/dt = 1, y = 0. Unapata 2×5×1 + 2×0×dy/dt = 0. Yaani 10 = 0. Safi kabisa. 😂

#7 Kichwa Ngumu
Nilikuwa naandika kwenye daladala. Nitarudi.

#8 Mwalimu wa Zamu
Kijana hujakosea popote. Hesabu yako ni sahihi hadi nukta ya mwisho kabla ya mwisho.

Ondoa muda kidogo, tazama y = √(25 − x²) peke yake. Ukiichora ni robo ya duara. Ukianzia juu, mstari unaanza ukiwa bapa, unainama, na ukifika x = 5 unasimama wima kabisa kama mlingoti. Mteremko wa mstari wima hauna namba. Kwa hiyo pale x = 5 dy/dt HAIPO, na ndivyo unavyoandika. Usiandike infiniti kana kwamba ni namba kama 7. Andika kwamba y ikikaribia sifuri kasi inakua bila kikomo, na kwenye y = 0 yenyewe haipo. Alama zako unazipata.

Nimefundisha mada hii muda mrefu. Maswali mengi ya ngazi yanaishia kabla ya sakafu, na sababu ndiyo hiyo. Aliyetunga hilo (b) ama anawachokoza ama kateleza.

#9 KijanaPCM
Asante mwalimu. Nimekuelewa upande wa hesabu. Ila nikiangusha ngazi kweli, kichwa kitafika chini kwa kasi fulani si ndiyo? Kuna namba. Hiyo namba iko wapi? Shuleni nilipouliza, niliambiwa hilo halitoki kwenye mtihani.

#10 Fundi Rangi
Mimi kalkulasi siijui ila ngazi naijua, kwa hiyo nisikilizeni.

Nimepaka rangi miaka 19. Nimeanguka na ngazi mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ngazi ya alminiamu, sakafu terazo, mtu kapiga deki bila kuniambia. Mguu ukaondoka. Nikashuka na ndoo ya lita nne, nyeupe, yote kichwani. Nilipoacha kulia nikaangalia ukuta, kazi yote ya asubuhi ilikuwa na mikwaruzo miwili ya vichwa vya ngazi, imetoka juu sambamba kama reli. Sasa sikieni. Ile mikwaruzo haikufika chini. Iliishia kama usawa wa kifua changu. Kuanzia hapo kwenda chini rangi ilikuwa safi, haijaguswa.

Maana yake nini? Ngazi haikushuka na ukuta hadi chini. Iliachana nao njiani ikaanguka yenyewe. Ninyi mnaandika Pythagoras mpaka sakafuni, na pembetatu ilishafunguka zamani.

#11 Mzee wa Kijiweni
Fundi pole. Lakini hiyo "nilipoacha kulia" nimeipenda.

#12 Injinia Mkongwe
Fundi Rangi kamaliza uzi. Mimi naongeza namba tu.

Kijana, x² + y² = 25 inadai kichwa kiguse ukuta muda wote. Nani kasema kitagusa? Ukuta unaweza kusukuma ngazi, hauwezi kuivuta. Siku ngazi ikihitaji kuvutwa ili iendelee kugusa, inaachia.

Sasa safiri na mguu wa ngazi. Mguu unakwenda kwa kasi isiyobadilika, kwa hiyo sheria za Newton ukiwa hapo zinafanya kazi kama umesimama. Unaiona ngazi inazunguka kwenye mguu wake, inalala. Uzito unailaza, ukuta unaizuia.

Ili kichwa kisiachane na ukuta, ngazi inatakiwa ilale kwa mchapuko wa mzunguko (yaani kasi ya kuzunguka inavyoongezeka) wa v²x/y³, v ikiwa kasi ya mguu (difarenshieti mara ya pili utaupata). Uzito peke yake, kwa ngazi yenye unene sawa kote, unaweza kuipa 3gx/2L², L ikiwa urefu wa ngazi na g mchapuko wa uvutano. Mwanzoni uzito una nguvu ya ziada, ukuta unaipunguza. Lakini tazama ile y³ iko chini ya mstari. y ikipungua, mahitaji yanapaa. Pale viwili vinapolingana, ukuta hauna kazi tena:

y³ = 2L²v²/3g

Weka L = 5, v = 1, g = 9.8. y = mita 1.19. Wakati huo kichwa kinashuka kwa kama 4.1 m/s. Baada ya hapo fomula yako ya x/y imekufa, ngazi inaanguka kama mti uliokatwa. Nimeimalizia kwa nishati: kichwa kinapiga sakafu kwa karibu 7.3 m/s. Hiyo ndiyo namba uliyokuwa unaitafuta. Na angalia, tungamo la ngazi halimo. Ya mbao, ya alminiamu, yote sawa ilimradi unene ni sawa kote.

#13 KijanaPCM
7.3!!! Injinia Mungu akubariki. Naikokotoa mwenyewe usiku huu.

#14 Msomi Kimya
Injinia nadhani umechanganya. Hili swali tulilifanya mwaka wa kwanza chuo. Ngazi inaachia ukuta ikishuka hadi theluthi mbili ya kimo ilichoanzia. Haitegemei v wala L. Nakumbuka vizuri kwa sababu lilitoka kwenye mtihani na nililikosa.

#15 Injinia Mkongwe
Umelikosa tena mkuu. Theluthi mbili ni ya ngazi iliyoachiwa yenyewe iteleze kutoka kwenye utulivu, sakafu laini, ukuta laini, hakuna mtu anayeshika mguu. Hapa mguu una bwana wake anayeupeleka mita 1 kila sekunde. Maswali mawili tofauti, majibu mawili tofauti. Ya Fundi Rangi ndiyo inayokaribia theluthi mbili, ingawa terazo yenye maji na mtu juu ya ngazi si "laini" ya kwenye kitabu.

#16 Fundi Rangi
Ngazi ilianzia kama mita tatu hivi juu. Theluthi mbili ni mita mbili. Mimi nimesema kifua. Sijafika mita mbili na sitafika.

#17 Msomi Kimya
Nakubali kwa shingo upande. Ila kifua cha fundi hakikubaliani na theluthi mbili wala na 1.19. Kwa hiyo bado kuna kitu hamjakisema.

#18 Sista Logi
Fundi mwenyewe yuko juu ya ngazi na kilo zake pamoja na ndoo. Uzito hauko katikati tena. Halafu ukuta wenye rangi mbichi unanata. Kuna mengi humo, tusimlazimishe fundi awe maabara.

#19 Bahari Shwari
Nimechelewa kufika. Kuna kitu kwenye #12 Injinia kakipita haraka, na kwangu ndicho kitamu kuliko vyote.

Wote mnaandika mguu "unavutwa". Nani anavuta? Sakafu ikiwa laini, kati ya mwanzo na ile mita 1.19, ukuta unasukuma ngazi kuelekea nje. Ukiachia mguu, utakimbia. Ili uende mita 1 kwa sekunde na si zaidi, mkono wako unatakiwa UUZUIE, yaani unasukuma kuelekea ukutani. Huvuti chochote! Mkono na ukuta vinasukumana kwa kani sawa, na kani hiyo inakwisha pale pale y inapofika 1.19.

Ukitaka fomula ya kijana iendelee hadi chini, funga kichwa cha ngazi kwenye reli ya ukutani, kama reli ya pazia iliyosimamishwa wima. Hapo kichwa hakiwezi kuachia. Na hapo sasa ndiyo unaanza kuvuta kweli. Karibu na sakafu kani inayohitajika inakua kwa 1/y⁴. Kimo kikipungua nusu, unahitaji kani mara 16. Kwa hiyo infiniti ya kijana si ya uongo. Ni bei ya kudai kasi isiyobadilika. Hakuna mkono, hakuna winchi, hakuna trekta itakayoilipa. Kitakachoshindwa ni ile "kasi isiyobadilika", mguu utakwama.

#20 Injinia Mkongwe
Sawa kabisa, lakini swali halina reli.

#21 Bahari Shwari
Swali halina sakafu laini pia. Wala halijasema ngazi ina unene sawa. Umeongeza vyako, nami nimeongeza vyangu.

#22 Mwalimu wa Zamu
Na mimi nawakumbusha wote wawili kwamba swali ni la hisabati, liko kwenye mada ya kasi za mabadiliko. Halina g. Mtoto akiandika g kwenye mtihani wa hisabati msahihishaji atadhani kachanganya karatasi. Kwenye hisabati ngazi ni mstari, ukuta ni mhimili, na mstari hauanguki. Jibu ni "haipo".

#23 Kichwa Ngumu
Nimefika nyumbani. Nimepiga hesabu ya mwanga. Kasi ya kichwa inakuwa 5/y kwa karibu. Ili ifike 300,000,000 m/s, y iwe 5 gawanya kwa hiyo, sawa na nanomita 17. Kwa hiyo hata kwa fomula ya kijana, ngazi inapita mwanga ikiwa imebakiza nanomita 17 tu kufika chini. Unywele wa mtu una unene mara elfu kadhaa ya hapo. Einstein 1905 alishakataza. Kesi imefungwa.

#24 Sista Logi
Leo umehesabu vizuri, hongera. Lakini usiifunge kwa Einstein. Nanomita 17 ni makumi machache tu ya atomu. Lipu ya ukuta ina mabonde makubwa kuliko hayo, ncha ya ngazi ina mpira, sakafu ina vumbi. Huhitaji Einstein kuzuia ngazi, chembe ya mchanga inatosha. Sauti yenyewe, 340 m/s, inafikiwa y ikiwa sentimita 1.5. Ngazi nyingi zina unene zaidi ya huo, yaani zimeshalala.

#25 Baharia254
Salaam kutoka Mombasa. Wabongo mna raha, uzi wa ngazi mabandiko 24 na hakuna aliyetukanwa.

Sisi huku kalkulasi tunaanza form four, iko kwenye KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari. Kudifarenshieti na kuintegreti. Lakini swali la ngazi hatukufika, tuliishia kutafuta kasi kutoka kwa umbali. Huyo kijana aliyeambiwa swali lake halitoki kwenye mtihani amenikumbusha yule mwenzenu wa barafu, Mpemba. Si alichekwa vivyo hivyo pale Mkwawa alipouliza kwa nini maziwa ya moto yaliganda kabla ya ya baridi?

#26 Dada wa Tanga
Baharia, Mpemba aliona jambo hilo akiwa Magamba, huku kwetu Tanga, kidato cha tatu, mwaka 1963. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Alichekwa na mwalimu na wenzake. Mkwawa, Iringa, alienda baadaye, na huko ndiko alikomuuliza Denis Osborne alipokuja kutoa mhadhara kutoka chuo cha Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, akaenda kupima. Wakachapisha pamoja 1969. Msitupore Magamba yetu.

#27 Baharia254
Pole dada, Magamba imerudi Tanga. Na wameshakubaliana kwa nini yanaganda?

#28 Dada wa Tanga
Hawajakubaliana hata kama yanaganda. Kuna wanaosema mvuke, kuna wanaosema mzunguko wa maji ndani ya chombo, kuna waliopima wakasema hawaoni kitu. Kama humu tu.

Niongeze langu. Mimi nilikwama kwenye ndugu wa hili swali, la boti linalovutwa kwa kamba kuelekea gati. Nimekulia karibu na bandari, gati naliona kila siku nikienda shule. Lakini swali lilikuwa kwa Kiingereza, na neno lao la gati sikuwahi kulisikia. Nikadhani ni jina la mtu anayevuta kamba. Nikamchora amesimama majini. Nilipata alama ya mchoro, alama moja, mwalimu akaandika pembeni "mbona amelowa?"

#29 Mzee wa Kijiweni
😂😂😂 Huyo mtu aliyelowa ndiye aliyenipeleka mimi HGL.

#30 Mwalimu wa Zamu
Mnacheka lakini hii ni kweli. Nina wanafunzi ambao ukiwaambia "ngazi inateleza" wanachora mara moja. Ukiwasomea kwa Kiingereza wanaanza kutafuta fomula yenye herufi zinazofanana. Siku hizi najieleza kwa Kiswahili kwanza, kani, mchapuko, tungamo, kisha tunaandika kwa lugha ya mtihani.

#31 Msomi Kimya
Mwalimu, mchapuko nilikuwa nadhani ni wa viboko.

Turudi kwenye ngazi. Nina swali la kuwatega. Paka amekaa kwenye kidato cha katikati kabisa cha ngazi. Ngazi inateleza, kichwa hakijaachia ukuta bado. Njia ya paka hewani imepinda kuelekea wapi? Inabonyea kuelekea kona ya ukuta, au inavimba kwenda nje?

#32 Fundi Rangi
Inabonyea ndani, kama kamba iliyolegea. Nimeshaona ngazi ikishuka, huhitaji kalkulasi.

#33 Kichwa Ngumu
Naunga mkono fundi.

#34 Sista Logi
Wote wawili mmeangukia mtegoni. Katikati ya ngazi kuna umbali ule ule kutoka kwenye kona muda wote, nusu ya ngazi, mita 2.5. Kwa hiyo paka anatembea kwenye duara lenye kitovu kwenye kona, linavimba kwenda nje. Kinachobonyea ndani ni ule ukingo unaochorwa na ngazi nzima zikipangwa juu ya nyingine. Macho yanaona ule, yanamsahau paka.

#35 Fundi Rangi
Sikubali. Nitapima.

#36 KijanaPCM
Wakuu nimepima mimi. Si paka, ngazi.

Ngazi hatuna, nimechukua mti wa fagio, mita 1.2, nikaung'oa brashi. Kwenye ncha nimefunga kipande cha chaki ya bluu kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Ukuta wa sebuleni una lipu laini. Chini kuna vigae vya sentimita 30, nikavitumia kama rula, mdogo wangu akarekodi kwa simu kutoka pembeni. Chini ya mti nimeweka soksi uteleze.

Kuvuta haraka: kwenye video mguu umepita vigae viwili kwa kama sekunde 0.6, yaani karibu 1 m/s. Alama ya chaki imeshuka vizuri, ikaanza kufifia, ikaisha sentimita 41 kutoka chini. Fomula ya Injinia inasema 46.

Kuvuta polepole, kama 0.2 m/s: alama imeisha sentimita 13. Fomula inasema 16.

Kila nikirudia inaisha juu nikivuta haraka, chini nikivuta polepole. Haijawahi kufika sakafuni hata mara moja. Fundi alisema kweli!

#37 Fundi Rangi
Nilisema.

#38 Mwalimu wa Zamu
Kijana, hii ni kazi nzuri sana. Zote mbili zimetoka chini ya fomula. Nadhani ni msuguano wa chaki ukutani, unashikilia ncha isiachie mapema.

#39 Injinia Mkongwe
Mwalimu, msuguano hauwezi kuwa sababu. Msuguano unategemea ukuta unavyosukuma. Pale ncha inapotaka kuachia, ukuta hausukumi, kwa hiyo msuguano nao ni sifuri. Kani isiyokuwepo haishikilii kitu.

#40 Sista Logi
Mimi naona ni kasi tu. Kimo kinategemea v kwa kipeo cha theluthi mbili. Ili upate 41 badala ya 46, v iwe 0.84 badala ya 1. Kwa video ya simu na vigae, kukosea hivyo ni kawaida. Na mkono wa mtu hauvuti kwa kasi isiyobadilika, mwanzoni unashtua, mwishoni unalegea.

#41 Bahari Shwari
Au soksi. Soksi inavuta mguu nyuma, mti unapinda kidogo katikati, unapojinyoosha unairudisha ncha ukutani. Na chaki ukutani inamomonyoka, alama ya mwisho inaweza kuwa unga tu ulioanguka. Rudia bila soksi, kwa mti mgumu zaidi.

#42 Msomi Kimya
Na chaki ina uzito. Uzito ukiwa kwenye ncha fomula inabadilika.

#43 Injinia Mkongwe
Inabadilika kwenda JUU mkuu, inaachia mapema zaidi. Yeye kapata chini. Umelikosa mara ya tatu.

#44 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo jibu la (b) ni lipi? Kijana aandike nini kwenye daftari, "haipo", 7.3, au "mguu utakwama"?

#45 Mwalimu wa Zamu
Haipo.

#46 Injinia Mkongwe
7.3, na aandike alichodhania.

#47 Bahari Shwari
Aandike haipo, chini yake achore reli.

#48 KijanaPCM
Nimeandika zote, karatasi mbili. Asanteni sana wote. Nimehamia swali la 18. Funeli ya koni inajazwa maji kwa mtiririko usiobadilika, kina cha maji kinapanda kwa kasi gani. Nimeangalia pale mwanzo kabisa, kina kikiwa sifuri... wakuu, infiniti tena.

#49 Sista Logi
Usianzishe leo. Fungua uzi mpya kesho.

#50 KijanaPCM
Sawa dada. Ila kuna lingine la haraka. Mama karudi kutoka sokoni kaona mistari ya bluu ukuta mzima wa sebule. Nimefuta kwa maji, imesambaa. Nimeambiwa nisilale mpaka itoke.

#51 Fundi Rangi
Rangi ya ukuta ni ya maji au ya mafuta? Acha kusugua kwanza. Tupia picha.